Mtoto anasema "yuck" mbele ya bibi yake: je, ni tusi?

Mama wa Tabata: Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu wa miaka minane anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam, na siku hizi akipakuliwa mlenda husukuma sahani na kusema "yuck". Mama mkwe wangu, aliyetoka Singida kuja kukaa nasi na ndiye anayeupika, ameniuliza maana yake nikashindwa kumjibu. Ningependa kujua uzito wa neno hilo kabla sijamwadhibu mtoto.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, si tusi. Ni kihisishi cha mazungumzo, kinachosikika zaidi vinywani mwa watoto, na hueleza kinyaa cha kitu kinachoteleza, kinachonuka au kilichooza. Mtu akikitamka baada ya kukanyaga kinyesi, hakuna atakayemlaumu. Lakini kikitamkwa mezani, hata mzazi wa Kiingereza humkanya mwanawe, kwa kuwa kinamfikia aliyepika kana kwamba ameandaa uchafu. Vijana husema pia "gross" kwa maana hiyohiyo, ingawa kwenye hati ya mshahara neno hilo huonyesha malipo kabla ya makato, kwa hiyo usishtuke ukiliona huko.

Mkazi wa Mbagala: Dada, nakusihi usimchape. Kinyaa hufuata mazoea. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia, alisimulia kwamba huko Tierra del Fuego, visiwa vya ncha ya kusini ya Amerika Kusini, mwenyeji mmoja aligusa kwa kidole nyama baridi ambayo Darwin alikuwa akiila, akaonyesha wazi kuchukizwa na ulaini wake. Darwin naye akaona kinyaa kwa chakula chake kuguswa, ijapokuwa mikono ya mwenyeji yule haikuonekana kuwa michafu. Binti yako hajauzoea utelezi wa mlenda. Mkataze neno, umpe la kusema badala yake: "Bibi, naomba unipunguzie, bado sijauzoea."

Mama wa Tabata: Nawashukuru sana. Je, bibi nimfiche maana yake?

Mwalimu Mstaafu: Usimfiche, maana ataisikia kwingine. Mweleze kwamba ni mguno wa kitoto wa kukataa chakula, kisha mtoto mwenyewe amwombe radhi, nawe uwepo.