Mtu kakopa hela ya kuku, kanunua saa, leo ananiambia mimi NIFANYE HARAKA

Baba Wawili:
Wakuu habari za jumapili, yangu sio nzuri na naandika huku mikono inatetemeka kwa hiyo mkiona makosa ya herufi kausheni. Nimetoka kwenye kikao cha kikoba sa hivi, hata viatu sijavua, mama watoto ananiuliza nipakue nimemwambia leo nitakula Jumanne.

Yule jamaa. Sitaji jina, wote mnamjua, yule wa "kaka mimi sivai vitu vya ovyo". Yule ambaye jua la Dar linachemsha lami yeye kavaa shati la mikono mirefu ili tu apate cha kukunja. Huyo huyo.

Kwa ambao hawajui, mwezi wa tatu jamaa alikopa kikoba milioni 6, kwenye fomu kaandika mtaji wa kuku wa mayai. Hisa zake zilikuwa milioni 2 na sheria yetu unakopa mpaka mara tatu ya hisa, wadhamini wawili. Mdhamini wa kwanza shemeji yake, kahamia Mwanza kimyakimya na simu haipatikani. Mdhamini wa pili mimi. Kuku sijawaona. Hakuna aliyewaona. Banda hakuna, pumba hakuna, trei moja la mayai hakuna, hata harufu tu ya kinyesi cha kuku hamna. Kilichopo ni Rolex. Aina ya Submariner, uso mweusi, mkanda wa chuma, anasema imetoka Dubai.

Sasa leo katibu anasoma wadaiwa, jina lake limekuja la kwanza, marejesho hajaleta tangu mwezi wa tano. Nikasimama kwa heshima zote nikasema ndugu mwenyekiti naomba mwenzetu atuambie amefikia wapi maana Desemba tunavunja kikoba na zinazokatwa ni hisa zangu mimi mdham... sijamaliza. SIJAMALIZA. Jamaa kaanza kukunja mkono wa shati. Taratiiibu. Mkunjo wa kwanza. Mkunjo wa pili. Kaangalia saa, kaniangalia mimi, kasema "kaka fanya haraka, muda wangu una gharama."

MUDA WANGU UNA GHARAMA. Na hiyo gharama analipa nani??

Na watu wakacheka! Mweka hazina, mama mtu mzima, kajifunika uso na daftari la marejesho, mabega yanacheza. Jamaa kaninyooshea mkono mpaka karibu na pua nikabaki natazama ule mshale wa sekunde unaruka tik, tik, tik, na kila tik naona hisa yangu inaondoka. Mtoto wangu wa kwanza anaingia sekondari mwezi wa kwanza. Fanya haraka! Ananiambia mimi! Mimi ninayelipa kila sekunde iliyomo humo ndani!

Nikamwambia uza saa ulipe. Kasema saa haiuzwi, saa ni uwekezaji, inapanda bei kila mwaka, eti "nyie watu wa vikoba hamuwezi kuelewa". Yeye kakopa wapi kama sio kikoba? Mwenyekiti naye kasema tuendelee na ajenda inayofuata, ajenda yenyewe ni soda za kikao kijacho.

Fanya haraka. Dah. Naenda kuoga narudi.

Chuma cha Reli:
Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya saa.

Muuza Sumu:
Hahahaha "muda wangu una gharama". Mkuu samahani sana kwa yaliyokukuta ila hiyo kauli naichukua, kesho mwenye nyumba akigonga nakunja shati.

Mama Tabata:
Pole baba. Ila na wewe mtu hata banda hana umemsainia kuku? Hukuomba hata kuona kifaranga kimoja?

Baba Wawili:
Mama Tabata alinionyesha picha ya banda kwenye simu, nimekuja kujua leo ni banda la mtu wa Kibaha. Muuza Sumu nakuona unacheka, endelea tu. Ungekuwepo pale ungeona alivyokunja. Alikunja MARA MBILI, mara moja haikutosha.

Mzalendo wa Mbagala:
Mimi jamaa namjua (kama ni yule wa Prado ya kuazima). Kwenye msiba wa juzi tumebeba jeneza wote, yeye kabeba kwa mkono wa kushoto tu ili saa ionekane kwenye video. Jeneza limepinda safari nzima mpaka marehemu naona alitaka kushuka atembee.

Baba Wawili:
NDIYE HUYO HUYO.

Fundi Kibandani:
Nafungua saa hapa Kariakoo miaka mingi, naomba niulize kitu kimoja kabla hamjaendelea kumtukana mtu. Mleta uzi umesema mshale wa sekunde unaruka. Yaani unasimama, unaruka, unasimama, unaruka? Au ulikuwa unateleza?

Baba Wawili:
Unaruka. Tik. Unasimama. Tik. Niliuangalia vizuri sana, ulikuwa puani kwangu.

Fundi Kibandani:
Basi pole mara mbili. Submariner haina betri, inajijaza yenyewe mkono unavyotembea, na mashine zake za sasa zinapiga mara 8 kwa sekunde moja kwa hiyo kwa macho unaona mshale unateleza tu. Ukiona unaruka sekunde kwa sekunde, humo ndani kuna betri ya buku mbili. Kampuni yenyewe iliwahi kutoa za betri, Oysterquartz, kuanzia 1977, ila zile zina umbo lake na walishaacha kuzitengeneza, na hakuna Submariner ndani yake. Na msije mkadhani ikiteleza ndio orijino, kopi nzuri za China siku hizi nazo zinateleza, wenye nazo wananiletea hapa nikifungua mfuniko wananiomba niongee taratibu wateja wengine wasisikie.

Halafu hesabu. Submariner mpya ya chuma bei ya dukani inapita dola 9,000, hapo ni zaidi ya milioni 20 za kwetu, na ukiwa na hela mkononi bado unaweza kuambiwa jina lako liingie kwenye orodha usubiri. Kwa milioni 6 aliipata kwa nani?

Baba Wawili:
Kwa hiyo unaniambia nimetukanwa mbele ya watu na saa ya betri?

Muuza Sumu:
Nimekufa. Nizikeni na simu yangu.

Chuma cha Reli:
Subirini, kopi ya betri pale Msimbazi hata laki haifiki. Milioni 5 na laki 9 ziko wapi sasa? Isije ikawa kuku kweli alinunua.

Mwekezaji Makini:
Wabongo kwa wivu hamjambo. Saa ni mali kama kiwanja. Rolex Daytona aliyokuwa anavaa Paul Newman, mwigizaji wa Marekani, iliuzwa mnadani New York 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Nyie endeleeni na hisa za elfu tano tano.

Fundi Kibandani:
Ile mkuu walinunua mkono ulioivaa. Ya kwako wewe wa Kimara nani anaitaka? Bei za hizi saa zilipanda kama wendawazimu 2021, mwanzoni mwa 2022 zikafika juu kabisa, halafu zikashuka, na waliokopa kununua pale juu deni lao halikushuka nazo. Na ni aina chache tu zinazoshika bei, nyingi ukitoka nayo dukani tu imeshapungua. Bila boksi na karatasi zake ndio kabisa, mnunuzi anaanza kukuangalia wewe badala ya saa.

Kijana wa Deira:
Niko Dubai, mimi ni sekyuriti kwenye jengo la maduka, haya mambo nayaona kila siku. Matajiri wala hawasumbui, wanaingia dakika kumi wametoka. Wanaosumbua ni sisi wabeba mizigo. Mtu analala chumba kimoja watu wanane, anabeba ya mtumba, analipa nusu na nusu inayobaki kaazima kwa wenzake wa chumbani. Huku kuna Tabby, programu ya simu ya kununua kwa awamu, inakugawia bei mara nne, vitu vidogo vidogo watu wanachukua mpaka wanasahau walichukua nini. Akirudi likizo Tanga saa iko mkononi, mwezi wa pili anapiga simu kuomba nauli ya kurudi kazini.

Nairobi Mtu Wangu:
Huku Kenya buda tuna Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha, tangu 2019, mtu ananunua soda kwa deni akiwa na saa ya laki mbili za Kenya, feki pia. Na 2024 vijana walikuwa wanachukua picha za waheshimiwa wanazoom mkono wanatafuta bei ya saa wanaweka mtandaoni. Ungeona mikono ilivyoanza kuingia mifukoni.

Mzalendo wa Mbagala:
Hao waheshimiwa wana nafuu. Rais wa Peru mwaka huo huo 2024 kaulizwa Rolex umetoa wapi, polisi wamevunja mpaka mlango wa nyumbani kwake kuzitafuta, kaja kusema aliazimwa na gavana rafiki yake. RAIS anaazima saa. Yule jamaa yetu ana uongozi ndani yake, mpeni tu fomu.

Chapati Mbili:
Rolex ninayoimudu ni ile ya Kampala, chapati imefungwa na mayai. Na juzi niliikopa.

Baba Wawili:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Alisema fanya haraka. Mbele ya mama mkwe wa mwenyekiti. Hakuna mtu anaongelea hilo.

Dada wa Sinza:
Afadhali wewe ni kikoba una pa kwenda kulalamika. Mimi mwanaume wangu alichukua ile mikopo ya kwenye simu ili avae saa kwenye harusi ya rafiki yake, aliposhindwa kulipa wale watu wakatuma meseji kwa namba zote kwenye simu yake. ZOTE. Mpaka bosi wangu kapokea "mjulishe ndugu yako alipe deni". Mpaka fundi bomba. Benki Kuu ilikuja kutoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni mwishoni mwa 2024, hiyo aliyochukua yeye ilikuwemo, nikafurahi kama nimeshinda kesi, kumbe keshahamia kwa kausha damu wa mtaani, yule wa kulipa kila siku jioni. Saa iko wapi? Kausha damu ndio kaivaa.

Mama Tabata:
Kausha damu wa kwetu anapita na daftari na kigoda. Anakaa mlangoni. Hapigi kelele, hatukani mtu, anakaa tu mpaka majirani waanze kuuliza.

Chuma cha Reli:
Dada wa Sinza hiyo harusi ndio tatizo lenyewe. Watu wanahangaika na saa sijui nini, hamuongelei michango. Mimi mwezi huu nina kadi nne, na kila kamati ina kundi lake, na kila kundi wananitaja jina asubuhi na jioni, "ndugu yetu Chuma bado hujatupa ahadi".

Mwekezaji Makini:
Mtu anashindwa elfu hamsini ya mchango halafu anabishana na mimi kuhusu Daytona.

Chuma cha Reli:
Elfu hamsini?? Wewe unaishi wapi, huku kadi ya mtu mmoja laki, ukilipa pungufu unakalishwa karibu na jenereta.

Baba Wawili:
Jamani hisa zangu. Kuna mtu anajua kama mdhamini naweza kumpeleka baraza la kata?

Dada wa Sinza:
Jenereta sio kitu, nimewahi kukaa karibu na jenereta na nikala vizuri tu. Niongeleeni SARE. Mdada tulisoma naye darasa la nne, hatujaonana tangu hapo, kaniongeza kundini, kitenge elfu sabini, lemba elfu thelathini, viatu vya dhahabu vya lazima, na make-up kwa mtu wao wao tu. Nikajumlisha nikakuta ni kodi yangu ya mwezi. Nikasema nitavaa cha kwangu. Nikatolewa kundini hapo hapo bila kwaheri.

Mama Tabata:
Mimi nililipa zote, nikapeleka kwa fundi wiki tatu kabla. Ijumaa usiku nafuata, kaniambia ndio anakata. Harusi Jumamosi. Nimekaa pale kwenye benchi mpaka saa nane usiku na wanawake sita wote tuna kitenge kile kile, na mkono mmoja wa gauni kashona kinyume.

Muuza Sumu:
Mafundi cherehani wafunguliwe uzi wao aisee. Mimi wa kwangu ana suruali yangu tangu Idi. Nikipita kaivaa.

Dada wa Sinza:
Kaivaa yeye???

Muuza Sumu:
Na kaipunguza kiunoni.