Hilux 2.5 D-4D inayovuta tanki la maji: bomba la moshi la inchi 2.5 au 3?

remorki_ya_Himbi
Jambo wote. Nina Hilux 2.5 D-4D, motere 2KD, ile ya turbo ya kawaida isiyo na interkula (kipoza hewa ya turbo), gia za mkono. Inavuta remorki (trela) ya ekseli moja yenye tanki la lita 1,000, hapa Goma, kutoka ziwani kupanda Majengo hadi Munigi. Ikijaa inatoa moshi mweusi kwenye gia ya pili na ya tatu, na turbo inachelewa kuitika. Sailensa imetoboka, kwa hiyo bomba litafunguliwa tu. Fundi mmoja anataka kuweka inchi 3 kutoka turbo hadi nyuma, mwingine anasema inchi 2.5 inatosha, wa tatu ana tiyo za galva (chuma kilichopakwa zinki) za maji na anasema chuma ni chuma. Nichague lipi? Kelele sizitaki.

garaji_Birere
Ndugu, kabla ya kununua bomba, tenganisha mambo mawili. Sailensa iliyotoboka haileti moshi mweusi. Tundu linaongeza kelele na kuupa moshi njia fupi ya kutokea, basi. Inayosonga motere ni ile iliyovunjika ndani, vibati vyake vimeanguka na kuziba njia, huku nje inaonekana nzima. Igonge kwa mpini wa nyundo: ikilia kama kopo la misumari, imekwisha.

Moshi mweusi maana yake mazutu (dizeli) ni mengi kuliko hewa. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa imepungua kama sehemu moja ya sita. Turbo inafidia, lakini si yote. Kwa hiyo anza upande wa kuingiza hewa: filta (vumbi letu jeusi linaijaza upesi), mipira kutoka turbo kwenda motere, klipu zake, kisha EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye motere) na njia ya hewa, ambazo kwenye 2KD hujaa masizi hadi tundu linabaki nusu. Mpira ukiwa na jasho la oili karibu na klipu, hapo ndipo hewa inatoroka. Sindano za kunyunyiza mazutu zinazovuja nazo hutoa moshi uleule, na hakuna bomba litakalozitibu.

Halafu pima msukumo wa moshi ndani ya bomba, usikisie. Sudia (chomelea) nati ndogo kwenye bomba, kama sentimita 15 baada ya turbo, nje ya kona. Funga kitiyo cha chuma au shaba cha nusu mita ili joto lipungue, kisha mpira na geji ya bar 0 hadi 1. Panda na tanki limejaa, gia ya pili, mguu chini mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika. Geji ikibaki chini ya bar 0.1, bomba lako halina kosa, utakuwa unanunua sauti. Ikipita 0.2, hapo kubadilisha kuna faida.

chuma_na_sudi
Geji ikikupa ruhusa: inchi 2.5, kuanzia turbo hadi mwisho. Inchi 3 ni ya motere ya 3.0 iliyoongezewa mazutu. Kwa 2KD ya kawaida tofauti haitaonekana kwenye mlima, ila utaiona chini ya gari, kwa sababu bomba nene linakaribia chesisi, shafti na mipira ya breki.

Bomba la moshi linapimwa kwa nje. Inchi 2.5 ni milimita 63. Unene ukiwa 1.5, ndani unabaki na 60. Tiyo ya maji inaitwa kwa kipimo kingine: ile wanayoita inchi 2 ina milimita 60 nje na kama 53 ndani. Ukiambiwa "hii ni karibu inchi 2.5", toa rula. Tena ni nzito, kilo 5 kwa mita, wakati bomba la 63 kwa 1.5 lina kilo 2.3. Uzito huo wote unaning'inia kwenye raba na flanji (bamba la kuunganishia) ya turbo. Na galva ikisudiwa hutoa moshi mweupe wa zinki. Fundi akiuvuta analala na homa na baridi usiku. Akatae.

Sehemu yenye thamani kubwa ni nusu mita ya kwanza baada ya turbo. Pale gesi ni ya moto, imetanuka, inazunguka. Ukiacha kipande cha zamani chembamba pale na kuweka bomba pana kuanzia katikati ya gari, umelipia nusu ya kazi isiyo na maana.

Kona zisibonyee. Mashine ya kukunja ya kubana hukandamiza bomba hadi linabana kuliko lile la zamani. Kama hakuna kona zilizokunjwa kwa kiwanda, kata vipande vya pembe na kuvisudia, vinne au vitano kwa digrii 90. Wanaojaza mchanga na kupasha moto, mchanga uwe umekaangwa mpaka ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu na ncha zimezibwa, mvuke unarusha kizibo kama risasi.

Sailensa: ya kupita moja kwa moja, yenye tiyo ya matundu katikati na sufi inayostahimili moto pembeni. Ukiogopa mvumo ndani ya kabini, ongeza ndogo ya pili nyuma. Turbo yenyewe tayari inapunguza sauti.

Keshero4x4
Naongeza mambo ya chini ya gari, kwa sababu ndipo kazi nyingi za hapa zinapoharibikia.

Fleksi, kile kipande cha bomba kinachopinda, ni lazima, baada tu ya kipande cha turbo. Motere inatikisika juu ya raba zake, chesisi haitikisiki. Bila fleksi ufa unatokea kwenye flanji, na flanji isipopasuka, zinazovunjika ni stadi (bolti zisizo na kichwa) za turbo. Baada ya fleksi weka kishikio cha raba karibu, isije ikabeba uzito.

Mawe ya lava hayasamehe. Bomba na sailensa visiwe chini ya kiwango cha chesisi, na flanji zigeuzwe ili bolti zisitazame mbele chini. Kwenye ekseli ya nyuma, pima gari likiwa limebeba, siyo tupu juu ya jeki. Acha sentimita 5 kati ya bomba na ekseli hata springi zikifika mwisho. Jihadhari na valvu ya breki inayofuata mzigo, iliyo juu ya ekseli, pamoja na mipira yake: bomba likipita karibu, weka bati la kukinga joto.

Mdomo utoke nyuma ya gurudumu, upande wa kushoto kama nafasi ipo, maana sisi tunaendesha kulia na watembea kwa miguu wako kulia. Usielekee chuma cha kuvutia wala plagi ya taa za remorki. Plastiki inayeyuka polepole na taa za breki zinazimika bila wewe kujua.

Na samahani, hukuuliza: lita 1,000 ni kilo 1,000, bado chuma chenyewe. Remorki isiyo na breki zake, Hilux imewekewa kilo 750. Bomba haliwezi kukusaidia hapo. Tanki nusu ni baya zaidi, maji yanasukumana. Weka vibati vya kuzuia mawimbi ndani.

remorki_ya_Himbi
Aksanti sana wakubwa. Breki za remorki nitaziangalia kwanza, mmenishtua. Je, inoksi (chuma kisichoshika kutu) ina maana hapa au chuma cheusi kinatosha? Na geji ya joto la moshi?

chuma_na_sudi
Chuma cheusi kinaoza haraka huku kwetu: moshi wa volkano ya Nyiragongo unaleta mvua yenye asidi, tazama mabati ya nyumba. Safari fupi nazo zinaacha maji ndani ya sailensa. Toboa tundu la milimita 3 sehemu yake ya chini kabisa, yatoke. Ukimudu inoksi 304, kumbuka inatanuka kuliko chuma: mita 3 ikipanda digrii 300 inarefuka kama milimita 15, kwa hiyo vishikio viwe vya raba, hakuna kusudia kwenye chesisi. Kuunganisha inoksi na flanji ya chuma, tumia elektrodi za 309L. Za kawaida zinashika kutu pale pale kwenye mshono.

garaji_Birere
Geji ya joto ndiyo ningeinunua kabla ya inoksi. Kihisi kikae kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye motere), kabla ya turbo. Baada ya turbo kinasoma chini sana na kinakudanganya. Vua manifoldi ndipo utoboe, chembe moja ya chuma inatosha kuua mapanga ya turbo. Ukipanda Munigi, mshale wa geji ukikaa juu ya digrii 700, shusha gia na upunguze mguu. Kukaza motere gia ya tatu kwenye 1,400 ndiko kunakopika pistoni. Gia ya pili kwenye 2,200 ina kelele zaidi, lakini hewa ipo.