Naomba ushauri: ukalimani wa lugha tatu kwenye kambi ya vijana Krzyżowa, Poland

Wakuu, naomba ushauri. Kundi ni vijana 30: Watanzania 10, Wajerumani 10, Wapolandi 10. Ni siku 7 pale Krzyżowa, kwenye kasri la ukoo wa von Moltke lililogeuzwa kituo cha vijana wa mataifa na kufunguliwa 1998.

Shida ni lugha. Ukalimani wa kupokezana (msemaji anasema, ananyamaza, mkalimani anatafsiri) kwa lugha tatu unageuza maelezo ya dakika 20 kuwa saa nzima, na vijana wanasinzia. Wa kunong'ona unafaa watu wawili, watatu. Wakizidi hapo, kelele tupu. Tena mkalimani wa Kiswahili na Kipolandi ni adimu, kwa hiyo maneno yatapitia Kijerumani kwanza. Mkalimani wa kwanza akikosea, wa pili naye anakosea.

Nawaza makundi 5 ya watu 6, wawili kila nchi. Ziara ya Berghaus, nyumba ya kilimani walikokutana wapinzani wa Hitler mara tatu 1942–43 (wengi hudhani ni kasrini), iwe siku ya tatu, baada ya michezo ya maneno.

Mliowahi kuendesha: tukodi visikilizi (vya kumsikia mkalimani masikioni), au makundi madogo yanatosha? Na kwa makundi 5, wakalimani wangapi?