Wiki ya sita ya shindano la kupunguza mafuta, mizani imegoma na ari imekata: naombeni ushauri

bintimwambao

Habari za leo wakuu. Naombeni ushauri kwa wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Tuko tisa ofisini, hapa Dar es Salaam. Tumeweka shindano la wiki 12, kila mmoja katoa 50,000, na atakayepunguza asilimia kubwa zaidi ya uzito wake anachukua fungu lote. Tunapimana kila Ijumaa asubuhi. Leo tumemaliza wiki ya sita.

Mimi ni mwanamke, miaka 34, urefu sentimita 162, nilianza na kilo 88. Wiki ya kwanza nilishuka kilo 2.3, ya pili 1.1, ya tatu 0.7, ya nne 0.3, ya tano sikushuka kabisa, na leo nimepanda 0.4. Kwa hiyo nipo kilo 84.

Ratiba: nakimbia siku sita kwa wiki, dakika 40, naamka saa kumi na nusu alfajiri. Asubuhi chai ya rangi, mchana sili, jioni kabeji ya kuchemsha na yai moja. Jumamosi na Jumapili nyumbani hakukosekani wageni au shughuli, nakula kama wengine. Kulala ni saa tano na nusu usiku.

Maswali yangu matatu. Kwa nini mizani imegoma? Ari nitairudishaje, maana wiki hii nimeruka siku tatu, kengele ikilia naizima? Na mguu wa kulia unauma kwenye muundi nikikimbia, niendelee?

Mlishe

Pole dada. Nianze na hesabu, kwa sababu ari yako imekufa kwa njaa na hesabu itakuonyesha.

Mwili wako ukiwa umelala tu unatumia kiasi gani? Kanuni ya Mifflin-St Jeor kwa mwanamke: uzito mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Kwako: 840 + 1,012 − 170 − 161, yaani karibu kalori 1,520. Kwa mtu wa kazi ya kukaa anayefanya mazoezi kidogo, zidisha kwa 1.4, unapata karibu 2,130 kwa siku. Ni makadirio, lakini yanatosha kuanzia.

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba karibu kalori 7,700. Ukila 1,630 kwa siku, upungufu ni 500, na kwa wiki ni 3,500. Hiyo ni karibu nusu kilo ya mafuta. Hicho ndicho kipimo halisi kwako. Zile kilo 2.3 za wiki ya kwanza nyingi zilikuwa maji: ukipunguza wanga, mwili unatumia akiba ya glikojeni (wanga uliohifadhiwa) ya misuli na ini, na kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji. Watu wengi huitumia wiki ya kwanza kama rula ya wiki zote zinazofuata, kisha wanajiona wameshindwa.

Sasa chakula chako. Jumatatu hadi Ijumaa, kwa ulivyoeleza, hata kalori 1,100 hufikishi. Tuchukue 1,100. Mwisho wa wiki, pilau, chapati, soda na vitafunwa huweza kufika 3,600 kwa siku bila mtu kuhisi amezidisha, hasa akiwa na njaa ya siku tano. Jumla ya wiki ni 12,700, wastani 1,810 kwa siku. Umeteseka siku tano na upungufu uliobaki ni 320 tu. Ongeza na kwamba mtu mwenye njaa hupunguza mwendo bila kujijua: anakaa zaidi, anapanda bodaboda badala ya kutembea, anachoka mapema.

Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa miezi sita. Walipungua uzito, ndiyo, lakini wakawa wazito wa kila jambo, wenye hasira, na mawazo yao yote yakawa chakula. Kengele unayoizima alfajiri ina maelezo yake hapo. Usijiite mvivu.

Kula hivi, karibu kalori 1,630 na protini karibu gramu 95:

Asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha, kikombe cha maziwa, kiazi kitamu kimoja cha wastani.

Mchana kwa mama ntilie: mwambie wali nusu (kama kikombe kimoja), maharage kikombe kizima, kipande cha samaki cha gramu 100, mboga ya majani ya kutosha, asimwagie mchuzi wenye mafuta juu.

Jioni: ugali wa unga gramu 80, kuku bila ngozi gramu 100, mchicha ujaze nusu ya sahani. Dona na sembe kwa kalori hazipishani sana, ila dona ina nyuzinyuzi zaidi na inashibisha.

Mafuta ya kupikia: kijiko kimoja kikubwa kwa siku, kwa sehemu yako. Hapa ndipo wengi wanapoteza hesabu. Kijiko kimoja kina kalori 120 hivi, na chungu cha mboga ya watu watatu mara nyingi humiminiwa vijiko sita bila kupimwa. Sukari nayo: vikombe vitatu vya chai, vijiko vidogo vitatu kila kimoja, ni karibu kalori 140. Soda moja ya mililita 350 ina kiasi hichohicho.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, unanyonyesha, au una mimba, usibadilishe kitu kabla ya kuonana na daktari.

mzani_wa_kweli

Kuhusu kupanda 0.4: kipimo kimoja cha Ijumaa hakikuambii kitu. Chumvi ya jana, kukosa choo, mazoezi mapya yanayoacha misuli imevimba kidogo, siku za kukaribia hedhi, yote hayo hushika maji, na kwa baadhi ya wanawake hedhi peke yake ni kilo moja au mbili. Nusu kilo ya mafuta inajificha humo kirahisi.

Pima kila siku baada ya kutoka chooni, kabla ya kunywa chochote, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu (juu ya zulia au mkeka inadanganya). Andika, usihukumu. Jumapili jumlisha saba, gawa kwa saba. Linganisha wastani na wastani, na wiki ya kabla ya hedhi ilinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Kama kupima kila siku kunakuvuruga moyo, acha, tumia futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki mbili: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida, futi isikaze nyama. Kwa wanawake, kiuno kinachozidi sentimita 88 ndicho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa hatari kubwa kwa afya, kwa hiyo namba hiyo ina maana kuliko ya mizani.

Mkufunzi

Muundi kwanza. Bonyeza mfupa kwa kidole. Kama maumivu yametawanyika kwa urefu wa kiganja, ni misuli na utando wa mfupa vilivyoelemewa: acha kukimbia siku 10 hadi 14, tembea tu. Kama yapo sehemu moja ndogo kama sarafu, au yanauma usiku umelala, acha kabisa na uende hospitali, huenda ni ufa kwenye mfupa. Mwanamke anayekula kidogo na kukimbia sana yuko kwenye hatari hiyo, zaidi kama hedhi imeanza kuruka.

Kosa la ratiba ni kukimbia siku sita bila kuinua kitu chochote. Ukipunguza chakula bila kuupa misuli sababu ya kubaki, mwili huila na misuli pia. Weka siku tatu za nguvu, dakika 30, nyumbani. Gym si lazima, maji yanatosha, kwa sababu lita moja ni kilo moja.

Kuchuchumaa hadi kugusa stuli ukikumbatia dumu la lita 5. Pushapu ukiegemea meza imara. Kuvuta ndoo yenye lita 8 hadi ubavuni, mgongo umenyooka, kila mkono peke yake. Kuinua nyonga ukiwa umelala chali. Kila zoezi seti tatu za mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja na nusu. Ukifika 12 kwenye seti zote tatu, ongeza lita moja kwenye ndoo, na kwenye kuchuchumaa chukua dumu kubwa ulitie lita 6. Hapo una kipimo ambacho hupanda hata wiki mizani ikigoma, na kwa ari hakuna dawa nzuri kama hiyo.

Siku nyingine tembea. Shuka daladala vituo viwili kabla, asubuhi na jioni. Hatua 10,000 si amri ya daktari, ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kwako 8,000 zinatosha.

Na kulala. Saa tano na nusu mpaka saa kumi na nusu ni saa tano tu. Utafiti mdogo wa Chicago uliotoka mwaka 2010 uliwapa watu kumi chakula kilekile cha kupunguza uzito: walipopewa nafasi ya kulala saa tano na nusu walipoteza mafuta kilo 0.6 kwa wiki mbili, walipopewa saa nane na nusu walipoteza 1.4. Uzito wa jumla ulioshuka ulikaribiana. Tofauti ilikuwa misuli. Hamishia mazoezi saa 12 jioni ulale zaidi.

kijana_wa_pwani

Dada kuna chai ya kusafisha tumbo, wiki moja tu kitambi kinashuka. Na maji ya ndimu ya moto asubuhi.

Shangazi

Mwanangu, usimpe mtu hiyo. Chai nyingi za aina hiyo zina sena, ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale, na ukizoea utumbo unakuwa mzito kufanya kazi yake. Ndimu ni tamu kwenye maji, haiyeyushi mafuta.

bintimwambao

Asanteni mno. Nimeandika yote. Mkufunzi, maumivu yametawanyika, basi nimesimama kukimbia. Ila shindano linabaki la kilo. Nikila hivyo nitashuka nusu kilo wakati wenzangu wanajikausha siku mbili kabla ya Ijumaa. Nitashikiliaje?

Shangazi

Shindano lenyewe ndilo lina kasoro, mwanangu. Linalipa kilo, na kilo mtu haziamui. Anaamua atakula nini, atalala saa ngapi, atatembea au hatatembea. Ukilipa kilo, watu watajinyima maji Alhamisi. Tena kushuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, huongeza hatari ya mawe kwenye nyongo.

Peleka pendekezo hili kwa wenzako. Fungu ni 450,000 na zimebaki wiki sita. Kila wiki toeni 36,000, wagawane wote waliofikisha alama 20 kati ya 28. Alama ni nne kwa siku: protini kwenye milo yote mitatu, hatua 8,000, mazoezi ya nguvu, au dakika kumi za kunyoosha viungo kwa siku isiyo ya nguvu, kuwa kitandani saa nne usiku. Mkifikisha wote tisa, kila mmoja anapata 4,000 Ijumaa ileile. Zinabaki 234,000 za mshindi wa mwisho, na huyo apimwe kwa asilimia ya kiuno kilichopungua. Karatasi ibandikwe mnapokunywa chai.

Wakikataa, bandika ya kwako jikoni na uifuate hivyohivyo.

Kisha andika masharti yako mapema, kwa namna ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa aina hiyo hutekelezwa kuliko nia tupu. Ikinyesha jioni, nitapanda ngazi za ofisini dakika 15. Nikichelewa foleni na kufika baada ya saa mbili usiku, nitachuchumaa seti mbili za mara 10 na pushapu seti mbili, basi, alama naipata. Kiwango cha chini kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya unakimaliza ukiwa umevaa nguo za kazini.

Na ukiruka siku moja, usianze kuhesabu upya. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu wakijenga mazoea. Ilichukua wastani wa siku 66, wengine 18, wengine zaidi ya 200 kwa makadirio, na kuruka siku moja hakukuharibu. Wewe una siku 42.

bintimwambao

Wamekubali, wawili tu ndio waliokuwa wanabisha. Swali la mwisho: Jumamosi ijayo kuna harusi ya ndugu yangu, na najijua, nikiharibu hapo naharibu wiki nzima.

Mlishe

Usifunge mchana kujiandalia sherehe, hilo ndilo linaloharibu. Kula asubuhi na mchana kama kawaida, na saa kumi jioni mayai mawili na maziwa. Ukumbini sahani moja: nyama na kachumbari kwanza, pilau ijae robo ya sahani, maji badala ya soda, kipande cha keki kama unakipenda. Ukishamaliza, ondoka karibu na meza ya chakula, nenda kacheze.

Jumapili mizani itapanda hata kilo moja na nusu. Ni chumvi, wanga na chakula kilichoko bado tumboni. Ili iwe kilo moja ya mafuta ungehitaji kula kalori 7,700 juu ya matumizi yako, na sahani moja ya pilau haifiki huko. Iandike, usipunguze chakula kufidia, tembea zako. Kufikia Jumatano au Alhamisi itakuwa imerudi. Jumatatu asubuhi ni mayai mawili, maziwa, kiazi, na kushuka vituo viwili kabla.