LM = ML kwa matriksi, lakini polinomia siioni

Muulizaji:
Wakuu, shikamooni. Hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa. Wanahisabati Burchnall na Chaundy walionyesha mwaka 1923 kwamba opereta mbili za derivativu, L na M, za daraja 1 au zaidi (daraja ni kipeo kikubwa zaidi cha derivativu), zikitimiza LM = ML, basi ipo polinomia f, si sifuri, yenye f(L, M) = 0. Nimehakiki kwa mkono. D ikiwa derivativu kwa x, nilichukua

L = D² − 2/x²
M = D³ − (3/x²)D + 3/x³

Ukiipa L kipeo x^k inatoa (k−2)(k+1)x^(k−2). M inatoa (k−1)(k−3)(k+1)x^(k−3). Zidisha kwa mfuatano wowote, jibu ni lile lile, na mwishowe M² = L³. Nilikaa naitazama tu, ilivyo nzuri.

Sasa matriksi za 2×2 za ulalo (diag: nje ya ulalo ni sifuri tupu): L = diag(x, D), M = diag(e^x, 1). Zinabadilishana nafasi bila tatizo. f iko wapi?

Jibu 1:
Ongeza digrii ya f, labda umeishia chini mno.

Muulizaji:
Nimefika digrii 6, mkuu. Hakuna.

Jibu 2:
Marahaba. Usiongeze digrii, mdogo wangu, f haipo. Kona ya juu ya f(L, M) ni f(x, e^x), na hakuna polinomia inayofunga x na e^x pamoja. Hesabu yako ni sahihi. Sharti ndilo limekosekana. Tazama kinachozidisha D kwenye L yako: diag(0, 1), determinanti yake 0, kwa hiyo haina kinyume.

Kigezo cha mbele cha L (kile kinachozidisha D ya kipeo kikubwa zaidi) kikiwa na kinyume, masuluhisho ya Ly = λy, λ ikiwa namba, yanaunda nafasi yenye vipimo vyenye kikomo: ukubwa wa matriksi mara daraja la L. M haitoki nje ya nafasi hiyo kwa sababu LM = ML, kwa hiyo inageuka matriksi ya kawaida, na vipengele vyake ni polinomia za λ. Determinanti ya μ − M ndiyo f unayoitafuta, λ ikisimama badala ya L na μ badala ya M. Hapo ndipo penye utamu wote wa somo hili.

Jaribu L = diag(D², D²), na M yenye safu (0, D) na (1, 0). Vipimo ni 2 × 2 = 4.

Muulizaji:
M² ni diag(D, D)... basi M⁴ = L, f = μ⁴ − λ! Digrii 4 kamili. Asante sana, kaka.