Riteki (kurudia somo) ya Kalkulasi inagongana na masomo ya mwaka wa pili: nisajili lipi kwanza?

Arua_Kampala
Salaam wakubwa. Naomba ushauri kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nasoma Makerere, shahada ya miaka mitatu, naingia mwaka wa pili muhula wa kwanza. Nina masomo mawili niliyoanguka, yote ya muhula wa kwanza: Kalkulasi, somo la msingi la krediti 4, alama 43, na somo moja la hiari la krediti 3, alama 38. CGPA (wastani wa pointi za masomo yote) ni 3.00 kwa krediti 36.

Masomo mapya muhula huu ni matano, jumla krediti 18. Nikiweka na hayo mawili nafika 25, na idara imesema nisizidi 22. Tena Kalkulasi inagongana na Takwimu, Jumatano saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Wenzangu wanasema niiache Kalkulasi hadi mwaka wa tatu. Nisajili yapi? Ile 43 itabaki kwenye hesabu? Na alama za kozwaki (majaribio na mazoezi ya muhula) za mwaka jana zinahesabika au naanza upya?

Fundi_wa_Ratiba
Usiiache Kalkulasi, tafadhali. Kanuni za Makerere ziko wazi hapa: somo la kurudia husajiliwa kwanza, mapya hufuata, na yote yaenee ndani ya mzigo wa kawaida wa muhula ili ratiba zisigongane. Wengi hufanya kinyume. Wanasajili mapya yote, halafu wanatafuta pa kubandika la kurudia, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Riteki hufanyika somo linapotolewa tena. Kalkulasi yako ni ya muhula wa kwanza, kwa hiyo ukiiruka sasa unangoja mwaka mzima. Fungua mtaala wa programu yenyewe, ule wenye maelezo ya kila somo (siyo ratiba ya vipindi), utazame sehemu ya masharti ya awali. Ukikuta somo la muhula wa pili linadai uwe umefaulu Kalkulasi, na lile nalo ni sharti la somo la mwaka wa tatu, basi kuahirisha mara moja kunakusogezea mnyororo wote, na shahada ya miaka mitatu inageuka minne. Soma neno kwa neno: kuna mtaala unaodai "kufaulu" na kuna unaodai "kusoma" tu. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama unaweza kuendelea na somo linalofuata hata matokeo yakichelewa.

Sasa mzigo. Mapya 18 na Kalkulasi 4 ni 22, umefika kikomo. Somo la hiari lisikuumize kichwa. Kanuni inamruhusu mwanafunzi asiyetaka kurudia somo la hiari aliloanguka achukue lingine la hiari badala yake. Tazama kama muhula wa pili una somo la kundi hilohilo, lenye krediti hizohizo, ulichukue wakati huo. Omba idara ikuthibitishie kwa maandishi kwamba linaziba pengo la lile la kwanza, maana wakati wa kuhakiki transkripti mbele ya mahafali hakuna atakayekumbuka mliyozungumza kwa mdomo.

MizaniYaAlama
Nijibu la hesabu. Ukirudia somo, alama bora kati ya hizo mbili ndiyo inayoingia kwenye CGPA. Transkripti itaonyesha kwamba somo lilirudiwa, lakini 43 haitaendelea kukuvuta chini.

Kwa vipimo vya Makerere, 45 hadi 49 ni pointi 1.5, na 40 hadi 44 ni 1.0. Kwa hiyo Kalkulasi yako sasa inakupa 4 × 1.0 = 4. Pointi zako zote ni 36 × 3.00 = 108. Ukirudia ukapata 52, ambayo ni D ya pointi 2.0, Kalkulasi inakuwa 8, jumla inapanda hadi 112, na 112 kwa 36 ni 3.11. Ukipata 66, C+ ya pointi 3.5, jumla ni 118, yaani 3.28. Ukifika 75, B+ ya pointi 4.5, jumla ni 122, yaani 3.39.

Angalia sasa maana yake kwa daraja. Daraja la pili la juu linaanzia 3.60. Tuseme shahada yako ina krediti 108 kwa jumla: unahitaji pointi 388.8. Ukibaki na 108 za sasa, krediti 72 zilizobaki zinakudai wastani wa 3.90. Ukiirudia Kalkulasi kwa 75, zinakudai 3.71. Somo moja la krediti 4 limekupunguzia mzigo wa miaka miwili. Ndiyo maana namsihi kila anayerudia asilenge 50. Kiwango cha kufaulu ni 50, sawa, lakini darasa hilo utalikalia tu, basi likalie kwa B.

Arua_Kampala
Asanteni sana, sikuwa nimeiona hivyo. Ila mgongano wa Jumatano nitaufanyaje? Nilifikiri nihudhurie Takwimu, kisha Kalkulasi niende kufanya mtihani tu.

Kikoni_B
Hapana ndugu yangu, hapo ndipo warudiaji wanapoanguka mara ya pili. Kanuni inamtaka anayerudia afanye mambo matatu: ahudhurie vipindi vyote, atimize masharti ya kozwaki, na akae mtihani. Kozwaki ya mwaka jana haihamishwi. Ikiwa somo lina alama 40 za kozwaki na 60 za mtihani, wewe usiyefanya jaribio wala zoezi unaingia chumba cha mtihani ukitafuta 50 kati ya 60. Hiyo ni asilimia 83 ya mtihani, kwa somo ulilolianguka. Na mhadhiri akipeleka alama bila kozwaki, matokeo yako yanaweza kukaa bila kukamilika muhula mzima.

Mgongano unatatulika. Uliza kama Kalkulasi hiyo inafundishwa kwa kundi lingine: la jioni, au la programu nyingine inayotumia somo lenye kodi (namba ya somo) ileile. Ukilipata, nenda kwa mhadhiri wa kundi hilo wiki ya kwanza, jina lako liingie kwenye orodha yake ya kozwaki. Kama hakuna kundi lingine, mwone mratibu wa ratiba wa kitivo mapema, kabla vyumba havijagawanywa, kwa sababu baada ya hapo kusogeza kipindi ni kazi ngumu. Ikishindikana kabisa, linaloahirishwa ni Takwimu, kwa sharti kwamba hakuna somo la muhula wa pili linaloitegemea. La msingi la kurudia halisogezwi. Na ratiba ya mtihani ya rasimu ikitoka, itazame siku hiyohiyo. Mwaka wa kwanza na wa pili hupangiwa mitihani bila kumfikiria mtu aliye kwenye yote miwili.

Usajili kwenye ACMIS, mfumo wa chuo wa mtandaoni, una hatua mbili, na watu huzichanganya. Kwanza unajiandikisha kwa muhula, ukichagua hali inayoonyesha kwamba unaendelea na una somo la kurudia. Halafu unasajili masomo yenyewe, moja moja. Aliyejiandikisha akaishia hapo hana somo hata moja. Ada ya riteki huja kwa ankara yake, mbali na ada ya muhula. Itolee PRN (namba ya malipo) yake, ulipe benki au kwa simu kabla muda wa PRN haujapita. Usilipe riteki kwa PRN ya ada ya muhula ukitumaini mfumo utagawanya wenyewe.

Mtanzania_Kansanga
Niongeze kwa wanaosoma uzi huu wakiwa vyuo vingine. Hayo ni ya Makerere. IUIU, KIU, Kyambogo na Gulu kila kimoja kina kitabu chake cha kanuni, kichukueni kwa Msajili wa Taaluma mkisome.

Na mwenye nia ya kuhamia Tanzania asilinganishe krediti kwa macho. Uganda krediti 1 ni saa 15 za kukutana na mwalimu, na saa 2 za maabara huhesabiwa kama saa 1 ya mhadhara. Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, kujisomea kukiwemo, ndiyo sababu shahada ya miaka mitatu huko inafika 360. Kwa hiyo mwenye 108 za Kampala asihesabiwe kwamba ana theluthi tu ya shahada. Chuo kinachokupokea kitataka transkripti pamoja na maelezo ya kila somo: mada, saa, na namna ya kutathmini. Bila maelezo hayo wanakuandikia usome upya.

Arua_Kampala
Nimeelewa. Swali la mwisho: je, niombe kupumzika mwaka, nirudi mwakani na Kalkulasi peke yake?

Fundi_wa_Ratiba
Kwa somo moja, hapana. Ruhusa ya kusimama masomo ni moja tu kwa mwaka wa masomo, na mbili kwa programu nzima. Itunze kwa ajili ya ugonjwa au ada ikikwama. Hesabu na muda pia: anayezidisha zaidi ya miaka miwili juu ya muda wa programu huondolewa.

Kuna mpaka mwingine ulio karibu zaidi nawe. Somo la msingi uliloanguka limekuweka kwenye matazamio (probation). Unaporudia sasa ni jaribio la pili. Akishindwa kupata 50 kwenye jaribio la tatu la somo lilelile, mwanafunzi huondolewa programu. Ukingoja hadi mwaka wa tatu, jaribio la pili linakutana na mwisho wa masomo, hujiachii nafasi.

Jambo moja la kufanya leo hii: linganisha kodi ya Kalkulasi kwenye matokeo yako ya mwaka jana na ile iliyo kwenye mfumo sasa. Mtaala ukiwa umepitiwa upya, kodi au krediti huweza kubadilika, na mfumo ukaliona kama somo jipya huku lile la zamani likibaki limeanguka. Kodi zikitofautiana, usibonyeze kusajili. Nenda na nakala zote mbili kwa mkuu wa idara akuandikie kwamba ni somo lilelile, kisha msajili wa kitivo aliingize yeye. Baada ya hapo chapisha fomu ya usajili, uhakikishe Kalkulasi imo kama somo la kurudia, uitunze hadi matokeo yatoke.