Wageni wanatoka Windhoek na bunduki, wanalala Joburg usiku mmoja halafu Dar. Kibali cha Sauzi kinahitajika?

Mwanakitalu
Wakuu habari za saa hizi. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa kusafirisha bunduki za kuwindia kwa ndege hasa kupitia Johannesburg. Mimi niko kampuni ya uwindaji wa kitalii hapa Arusha, upande wa kupokea wageni. Kazi yangu ya kila siku ni mgeni katoka kwao moja kwa moja kashuka KIA au Dar, kibali cha bunduki zake tumeshakiombea mapema, namsubiri pale na polisi na forodha tunalinganisha namba tunaondoka, basi.

Sasa safari hii nina marafiki wawili, mmoja Mmarekani mwingine Mjerumani, wanataka waanzie Namibia kwenye shamba la mtu wapige choroa na tandala, wakimaliza ndo waje kwetu Selous kwa ajili ya nyati mwezi wa nane. Tiketi wamekata wenyewe mtandaoni bila kuniuliza, Windhoek–Joburg tiketi yake, Joburg–Dar tiketi nyingine shirika lingine kabisa, wanafika Joburg jioni wanaondoka kesho yake asubuhi. Mmarekani ana bunduki mbili, .375 na .300 (hizo ni calibre, yaani upana wa risasi kwa inchi), Mjerumani ana bunduki moja ya Blaser ila ina mitutu miwili ya kubadilisha.

Swali langu, Sauzi hawawindi, wanalala tu, je wanahitaji kibali cha kule? Mmarekani yeye kaniandikia kwamba transiti ni transiti, polisi wa kule hawamhusu. Na kingine anataka kuja na boksi kumi za risasi za .375 eti akafanye na mazoezi. Nisaidieni kabla sijamjibu.

MzeeWaPofu
Mwanakitalu mwanangu, huyo Mmarekani wako mwambie akae chini kwanza. Transiti inakuwa transiti pale mzigo ukichekiwa Windhoek mpaka Dar na yeye mwenyewe asipotoka upande wa kimataifa. Yeye ana tiketi mbili, mashirika mawili, na analala. Maana yake Joburg atapita uhamiaji, atachukua mizigo yake, na akishachukua mizigo yake bunduki zimeingia Afrika Kusini. Hapo sheria haiulizi kama anawinda au anaenda kulala, ni uingizaji wa silaha wa muda na anatakiwa awe na kibali.

Kibali chenyewe kinaombwa kwa fomu ya polisi wa Sauzi inaitwa SAPS 520. Inajazwa kwa wino mweusi tu, na asiisaini nyumbani, anasaini mbele ya afisa wa polisi pale OR Tambo, uwanja wa ndege wa Joburg. Watu wengi wanaangukia hapo, mtu kajaza vizuri kila kitu halafu kasaini kwenye ndege akajiona kamaliza kazi. Aende na pasipoti na kopi yake, tiketi ya kwenda na kurudi, uthibitisho kwamba bunduki ni zake (siyo za shemeji, za kuazima hawataki) na barua inayoeleza anaenda wapi kufanya nini, hiyo barua ndo yenu nyie wenye kitalu mumwandikie. Awe na miaka 21 kwenda juu. Na bunduki za kujirudia zenyewe (semi-automatic) asithubutu kabisa.

Pia bunduki pale hazitoki kwenye mkanda na mabegi mengine, zinapelekwa ofisi ya polisi wa silaha hapo hapo uwanjani, anazifuata kule. Asije akakaa kwenye mkanda mpaka taa zinazimwa akaanza kupiga kelele zimeibiwa.

Anaweza kuombea kabla ya safari, wanataka maombi yawafikie siku 21 kabla, na wapo mawakala Sauzi wanaifanya hiyo kazi kwa malipo, wanampokea mgeni mlangoni na karatasi zimeshagongwa muhuri. Kwa mtu anayefika jioni amechoka na foleni ya wawindaji wa msimu ipo mbele yake, mimi ningelipia.

KijanaWaPosta
Ila wakuu, si mashirika ya ndege yalishakataa kabisa mambo ya uwindaji tangu yule simba wa Zimbabwe auawe? Nakumbuka hata South African Airways walitangaza. Hao wageni si watarudishwa kaunta tu

MzeeWaPofu
Hapana kijana, unachanganya vitu viwili. Kilichokataliwa ni nyara, yaani pembe, ngozi na vichwa vya wanyama waliowindwa, siyo bunduki. SAA walisimamisha kubeba nyara za tembo, faru na simba mwezi wa nne 2015 wakaruhusu tena mwezi wa saba mwaka huo huo. Huyo simba, Cecil, alipouawa kule karibu na Hwange mwezi huo wa saba ndo mashirika ya Marekani, Delta, United na American, wakatangaza mwezi wa nane hawabebi nyara za wale wanyama wakubwa watano. Bunduki ni habari nyingine, zinabebwa, ila kila shirika lina masharti yake na lingine linataka taarifa mapema kwa maandishi. Nyara za hao wageni wetu zitakuja kwa mzigo miezi kadhaa baadaye, haziingii kwenye hii mada.

DadaTiketi
Mimi niko kwenye ofisi ya tiketi Dar, wawindaji ninao kila msimu. Mwanakitalu kaka yangu, dawa ya hilo jambo siyo fomu, dawa ni tiketi. Wabadilishe ziwe tiketi moja, namba moja ya uhifadhi, Windhoek mpaka Dar, siku hiyo hiyo. Watalipa faini ya kubadilisha, sawa, wana hela ya nyati watakosa ya faini? Halafu wewe usiishie kwenye kusikia "inawezekana" kwa simu. Andika barua pepe kwa shirika uwaambie abiria fulani ana bunduki ngapi, calibre gani, risasi kilo ngapi, anaunganisha Johannesburg, je mnazibeba mpaka mwisho na je pale kati mnataka karatasi gani ya polisi. Wakijibu, hiyo barua iprintiwe iwe mkononi mwa abiria. Yule wa kaunta Windhoek siku hiyo anaweza kuwa mgeni kazini hajawahi kuona bunduki, sasa bila karatasi mtaanza kubishana ndege ikiondoka.

Na mwambie mgeni asiondoke kaunta kabla hajasoma tagi ya kasha. Kwa macho yake. Iandikwe DAR. Nimeona abiria ana bodingi pasi mbili vizuri kabisa mpaka Dar, begi la nguo tagi imeandikwa DAR, kasha la bunduki tagi imeandikwa JNB, yaani Joburg. Yeye kafika Dar na nguo zake anacheka, bunduki iko Joburg kwa polisi haina mwenyewe wala kibali. Kuipata ile ilikuwa vita ya barua, mgeni kaanza kuwinda na bunduki ya kukodi ya kambini. Shirika silitaji.

Asilikubali neno "utalichukua Joburg uchekie upya" hata kama linasemwa kwa tabasamu. Akichukua Joburg tumerudi kwenye fomu ya mzee hapo juu.

Mtz_Windhoek
Salamu kutoka huku jangwani. Nimepita hapa naona swali linanihusu. Upande wa Namibia msiwe na presha, huku ndo kwepesi kuliko kote. Wakishuka Hosea Kutako, uwanja wa ndege wa Windhoek, kuna polisi pale pale, wanajaza fomu inaitwa POL 573, wanaonyesha namba za bunduki zinasomwa kwenye chuma, wanapewa kibali cha muda, bure, hakuna hela. Fomu unaweza kujaza kabla ukaja nayo. Bastola ndo hawataki, asibebe bastola eti ya kumalizia mnyama.

Ila kile kikaratasi wakitunze jamani!! Wakati wa kutoka polisi wanakitaka tena, wanalinganisha namba kilichoingia na kinachotoka. Wageni wakishapiga choroa wao wanawaza nyama choma na bia tu, karatasi inabaki kwenye gari la shambani. Mwambie akipige picha kwenye simu na chenyewe kikae ndani ya pasipoti.

Risasi sasa. Boksi kumi asahau. Kwenye ndege ni kilo 5 kwa abiria, na hizo kilo wanapima pamoja na boksi zake, na huwezi kusema rafiki yangu hana nyingi tujumlishe, kila mtu zake. Risasi moja ya .375 ya kichwa cha grain 300 (grain ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) ukiipima nzima inazidi gramu 40, kwa hiyo boksi tano za ishirini ishirini ndo mwisho, na hapo hata za .300 hazijaingia. Nyati gani anataka boksi kumi lakini, au anaenda vitani.

Mwanakitalu
Dah asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo Sauzi kibali kinaruhusu risasi ngapi, kama ikishindikana kubadili tiketi?

MzeeWaPofu
Risasi 200 kwa kila bunduki, na ziwe za calibre ya bunduki aliyobeba tu, nyingine hata moja asiwe nayo mfukoni. Lakini hiyo mia mbili haikusaidii kitu kwa sababu kilo 5 za ndege zinakukamata kabla. Zikae kwenye boksi la kiwandani au la plastiki lenye vyumba, siyo zimemwagwa kwenye soksi kama njugu.

Kwa Mmarekani hakikisha ana ile Fomu 4457 ya forodha yao, wanagongewa kwao kabla hawajaondoka, bunduki zikiwa mbele ya afisa, namba zimeandikwa. Wenyewe inawasaidia kurudi nazo nyumbani, ila Sauzi na nchi nyingi huku wanaichukulia kama ndo uthibitisho wa umiliki maana Marekani hakuna leseni ya bunduki ya taifa zima kama yetu. Aangalie kona ya juu kulia, kuna tarehe ya toleo la fomu kwisha muda. Ni tarehe ya karatasi tu siyo ya umiliki, lakini kuna kipindi polisi wa Sauzi waliiona imepita wakaanza kuleta maswali, mpaka vyama vya wawindaji Marekani vikatoa tahadhari. Apakue toleo jipya, akagongewe upya, yaishe.

Na kufuli. Akiwa Marekani kasha la bunduki sheria yao inasema funguo anabaki nazo abiria mwenyewe tu. Kwa hiyo zile kufuli za begi ambazo watu wa usalama wana funguo zake aziache, anunue za kawaida za chuma, kila tundu la kasha lina kufuli yake. Bolti, ile komeo ya kufungia risasi, itolewe kwenye bunduki. Na ile plastiki ya kuzungushia begi asizungushe kabla ya ukaguzi, atalipa mara mbili.

Mjerumani ndo ananitia wasiwasi zaidi. Pasi ya silaha ya Ulaya atakuwa nayo, sawa. Lakini kwa sheria ya Sauzi mtutu peke yake ni sehemu kuu ya silaha, unahesabika, kwa hiyo ile Blaser yake siyo bunduki moja, mitutu yote miwili iandikwe kwenye kibali na calibre na namba zake. Na kwenu pia waandikieni hivyo hivyo. Mkiandika "Blaser 1" polisi akifungua kasha akakuta mitutu miwili utaeleza mpaka jua lizame.

Wa_Embakasi
Sasa wakuu, mimi nauliza tu, kwa nini wasipitie Nairobi? Ndege za Dar na KIA ni nyingi na hizo stori za Joburg zinaisha.

DadaTiketi
Ndugu yangu wa Embakasi, kwenu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, siyo kwamba transiti imekatazwa kwa sababu hiyo, ila utakuwa unahamisha tatizo tu kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Kila nchi bunduki inapogusa ina sheria yake ya silaha hata kama haitoki nje ya uwanja. Amsterdam tu penyewe, mtu anapita kubadilisha ndege, forodha yao ya Groningen inataka idhini ya maandishi kabla. Mimi kwa wawindaji nahesabu viwanja, kadri vinavyopungua ndivyo ninavyolala vizuri.

MzeeWaPofu
Umenena dada. Na nyongeza, Mmarekani kama ana nia kweli, .300 aiache nyumbani. Nyati kwetu ni .375 kwenda juu, choroa kwa .375 anakufa vizuri tu, bunduki moja inatosha nchi zote mbili na kilo 5 zote zinakuwa za risasi za aina moja. Au aache zote akodi kambini, kampuni yenu si mnazo?

Mwanakitalu
Tunazo mzee, .375 mbili na .416, lakini huyu bwana bunduki ni ya marehemu baba yake, hapo huwezi kumwambia kukodi. Nimewasiliana nao wote leo. Wamekubali tiketi ibadilishwe iwe moja, wanatoka Windhoek alfajiri wanaingia Dar siku hiyo hiyo, dada nimekutumia ujumbe pembeni unifanyie hiyo kazi na ile barua pepe ya shirika. .300 inabaki Texas. Mjerumani anakuja na mitutu yote miwili hasikii la mtu, kwa hiyo yote miwili naiandika.

Halafu nimemwomba Mmarekani picha ya namba kwenye chuma chenyewe, nikalinganisha na ile aliyoniandikia kwenye barua pepe mwezi uliopita ambayo ndo nimeijaza kwenye maombi ya kibali cha huku. Yeye kaandika herufi O, kwenye bunduki ni sifuri. Kesho asubuhi narudi ofisini kurekebisha kabla kibali hakijatoka.

MzeeWaPofu
Omba na picha ya kila mtutu wa Mjerumani kabla hujaenda huko kesho.